"Kwetu hakuna ugonjwa"

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Fomu ya mwezi ya magonjwa ya mifugo ya wilaya moja, sitaitaja, ilikuja tupu kwa mwezi wa nne mfululizo, nikampigia simu mwenzangu anayehusika. Alinijibu kwa furaha: "Aa, Daktari, huku shwari kabisa. Kwetu hakuna ugonjwa." Nikamuuliza mara ya mwisho alifika kwenye boma la mfugaji lini. Akakohoa kidogo. Pikipiki, akasema, haina mafuta tangu Machi.

Mafuta simlaumu. Namlaumu kwa ile sentensi ya kwanza, maana naisikia kwa maafisa mifugo, kwa madiwani, kwa madalali wa mnadani, hata kwa madaktari wenzangu tuliokaa nao darasa moja la epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea. Imenichosha. Leo naiandika niiondoe moyoni.

Fomu tupu si sifuri. Sifuri ni kazi ya mtu: ametoka, amefika maboma kadhaa, ameuliza nani katupa mimba na nani kafa, amefunua midomo ya mbuzi akatazama fizi, hakuona kitu, akaandika 0. Fomu tupu ni mtu hajaenda. Zikifika kwangu na kuingizwa kwenye kompyuta, zote mbili zinageuka nukta nyeupe kwenye ramani, na mkubwa akiitazama ile ramani anaona wilaya yenye afya.

Tupige hesabu ndogo. Chukua wilaya yenye mbuzi 200,000. Tuseme kwa mwaka mzima anakufa mbuzi mmoja tu katika kila mia, kiwango ambacho mfugaji yeyote atakicheka kwa udogo wake, maana vitoto peke yake hufa zaidi ya hapo. Hao ni mbuzi 2,000 kwa mwaka, zaidi ya 160 kila mwezi. Sasa wewe unaniletea fomu inayosema miezi minne hajafa hata mmoja. Mbuzi wa wilaya yako wamepewa uzima wa milele?

Upande wa pili wa kosa hilohilo ndio unaoniuma zaidi. Niliwahi kupewa ramani ya vifo vya mbuzi katika kata mbili zinazopakana. Moja ilikuwa nyekundu tupu, matukio 14. Jirani yake ilikuwa nyeupe pe. Ugonjwa ulikuwa umefika kwenye mpaka wa kata, ukasoma kibao, ukageuza. Mbuzi wa kata zote mbili wanakunywa lambo moja na kulala jirani. Tofauti ilikuwa afisa: yule wa kata nyekundu ni binti mmoja asiyetulia ofisini, anaamka na wachungaji. Unajua nani aliitwa kujieleza? Yeye. Aliulizwa kwa nini kata yake "inazalisha magonjwa". Mwezi uliofuata taarifa zake zilishuka hadi mbili. Nani atamlaumu?

Wanaosema "basi tutapima" nao wana lao. "Tulipima ng'ombe kumi, wote safi, hakuna ugonjwa." Ukipima kumi na wote wakawa safi, bado inawezekana kabisa kwamba robo ya kundi zima imeambukizwa na bahati ndiyo iliyokuficha. Ukipima 30, bado unaweza kukosa ugonjwa ulio kwa mnyama mmoja kati ya kumi. Ili uthubutu kusema hauzidi mmoja kati ya mia, unahitaji wanyama wapatao 300. Tena hapo nimechukulia kipimo hakikosei, na wanyama wamechaguliwa kwa kura, si wale watano waliofungwa karibu na barabara kwa sababu gari linawahi kurudi mjini.

Hii si nadharia ya darasani. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa virusi, ilithibitishwa rasmi Tanzania mwaka 2008, wilayani Ngorongoro. Baadaye ilipopimwa damu ya mbuzi na kondoo iliyokuwa imehifadhiwa tangu 2004, ikakutwa na kingamwili, yaani alama ambayo mwili huacha kwenye damu baada ya kupambana na virusi. Maana yake virusi vilikuwa vinatembea humo miaka minne kabla hatujavitaja kwa jina, na miaka yote hiyo fomu zilisema shwari.

Au sotoka yenyewe, ile ya ng'ombe. Aina moja ya virusi vyake ilikuwa haijaonekana kwa zaidi ya miaka 30, watu wakaihesabu imekufa. Mwaka 1994 ikaibuka hifadhi ya Tsavo, Kenya, ikafyeka nyati na tandala. Mwaka 1997 tukawa nayo kwenye ng'ombe wa kaskazini mwa Tanzania. Miaka 30 yote lazima ilikuwa inaishi ndani ya mnyama fulani. Kwa ng'ombe ilikuwa nyepesi: homa kidogo, machozi kidogo, wachache wanakufa, wengi wanapona. Ugonjwa wa namna hiyo hauji ofisini kukusalimia.

Ndiyo maana kuthibitisha kwamba sotoka imekwisha kulichukua muda mrefu namna ile. Kisa cha mwisho kilichothibitishwa duniani ni cha nyati wa hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Tangazo la kutokomezwa likatoka 2011. Katikati hapo ni miaka kumi ya kutafuta kitu kisichokuwapo. Nchi zililazimika hata kuacha kuchanja, kwa sababu kingamwili ya chanjo na ya ugonjwa zilikuwa hazitofautishiki kwenye kipimo, kisha zikaanza kukusanya damu na kukaa chini ya miti na wazee kuwauliza wameona nini. Hiyo ndiyo bei ya kusema "kwetu hakuna". Ukiisema kabla hujailipa, ujue umekopa.

Anayelipa deni mara nyingi ni mtu mwingine. Mwishoni mwa 2006 mvua zilifurika kaskazini mashariki mwa Kenya. Picha za setilaiti zilikuwa zimeshaonyesha dalili kwamba Homa ya Bonde la Ufa inaweza kuja. Ugonjwa huu tunaufahamu tangu miaka ya 1930 kule Naivasha, na tunajua virusi vyake hukaa ndani ya mayai ya mbu kwenye udongo mkavu, miaka na miaka, vikisubiri mafuriko. Lakini taarifa rasmi ilianza na binadamu, wagonjwa wa Garissa, mwezi Desemba. Watafiti walipokwenda baadaye kuwauliza wafugaji wa Kisomali, waliambiwa kwamba mifugo ilikuwa imeshaanza kutupa mimba na kufa kabla ya watu kuugua. Walikuwa hata na jina lake, *sandik*, damu ya puani. Walijua. Aliyekosekana ni wa kuwauliza. Ugonjwa ukavuka, na mwanzoni mwa 2007 ukawa kwetu. Kabla haujaisha ulikuwa umeua watu zaidi ya 150 Kenya na zaidi ya 100 Tanzania.

Kwa hiyo ushauri wangu, na wanaonifahamu wataguna kwa sababu nausema kila warsha: usianze kuuliza vifo, uliza mimba. Mfugaji anaweza kukuficha ng'ombe aliyekufa, lakini mama anayekamua atakuambia bila kufikiri ni mbuzi wangapi wametupa mwezi huu. Pili, usimpe mfugaji jina la ugonjwa. Ukimuuliza mzee wa Kimasai "mna homa ya mapafu?" atakujibu unachotaka kusikia ili uondoke. Muulize msimu huu mifugo inasumbuliwa na nini, kisha unyamaze. Atakuambia *oltikana* (ndigana kali), *oloirobi* (ugonjwa wa miguu na midomo), *olkipiei* (homa ya mapafu), na atakueleza dalili kwa mpangilio kuliko mwanafunzi wangu wa mwaka wa nne. Tatu, pikipiki ikikosa mafuta, nenda mnadani kwa wachinjaji na wanunuzi wa ngozi, wao wanaona mapafu na ini kila wiki. Nne, kama hukwenda popote, andika "sikwenda". Neno moja tu. Sitakushitaki. Nitaweka rangi ya kijivu kwenye ramani yangu na nitalala vizuri kuliko ukinipa nyeupe ya uongo.

Najua kinachowafunga midomo ni karantini. "Nikiripoti, mnafunga mnada, watu wanakula nini?" Hofu hiyo ni ya kweli na sitaidharau, nimeona mnada umefungwa wiki nyingi kuliko ilivyohitajika, na aliyesahau kuufungua hakuombwa hata maelezo. Lakini karantini ina ukubwa. Homa ya mapafu ya ng'ombe ikikamatwa kwenye boma moja, tunazuia boma na majirani zake. Ikikamatwa baada ya ng'ombe kupita minada mitatu, hakuna namna, tunafunga minada mitatu. Anayechelewesha taarifa ili kuulinda mnada ndiye anayeufunga.

Misemo mingine ya namna hii ninayoisikia kwa watu naipitia haraka.

"Nyama ya kibudu ukiichemsha sana haina shida." Kama ni kimeta, shida imeshaanza kabla hujawasha jiko. Aliyechuna ngozi ameshagusa damu. Tena ukipasua mzoga, vimelea vinakutana na hewa na kujigeuza mbegu ngumu ambazo mchemsho wa kawaida wa sufuria si wa kuutegemea kuziua, na ardhini zinakaa miongo. Ng'ombe aliyekufa ghafla, amevimba upesi, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na kwenye njia ya haja, usimpasue. Hata mimi sipasui: nachukua tone moja la damu sikioni, nalipaka kwenye kioo cha maabara, basi. Mbwa wafukuzwe, mzoga uchomwe au uzikwe kwa kina palepale ulipoangukia. Kuuburuta hadi mbali ni kupanda kimeta njia nzima.

"Chanjo yenu ndiyo imeua." Mara nyingi tunaitwa kuchanja wakati ugonjwa umeshaingia zizini. Mnyama aliyekuwa ameshaambukizwa Jumapili, akachanjwa Jumatatu, atakufa na alama ya sindano shingoni, na ushahidi dhidi yangu utakuwa umekamilika. Nakubali mawili lakini. Chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe huweza kuleta uvimbe mbaya pale ilipochomwa. Na kuchanja Homa ya Bonde la Ufa katikati ya mlipuko kwa sindano moja kundi zima ni kuvisambaza virusi kwa mikono yetu wenyewe. Chanjo ya ugonjwa ule ni ya kabla ya mvua, na kabla ya mvua hakuna anayetaka kunisikiliza.

"Nimeshampiga OTC, asipopona nitakuita." Tafadhali geuza mpangilio. OTC ni antibiotiki, haiui virusi. Kama ugonjwa ni wa bakteria, umenivurugia sampuli, maabara haioteshi kitu, na jibu linarudi "hakuna kilichoonekana". Halafu mtu mwingine huko juu anaisoma hiyo kama "hakuna ugonjwa". Tumerudi palepale.

"Sotoka ya ng'ombe imerudi, imeingia kwenye mbuzi." Hapana. Haya ni majina tu yametuponza. Virusi vya sotoka ya mbuzi ni ndugu wa vile vya sotoka ya ng'ombe, kama vilivyo pia virusi vya surua kwa watoto wetu, lakini ni vingine. Ng'ombe akiambukizwa vya mbuzi kwa kawaida haugui. Ile ya ng'ombe imezikwa, na chanjo iliyosaidia kuizika ilitengenezwa hapa jirani, Muguga, Kenya.

"Kuku wanakufa kwa upepo wa kiangazi." Ni mdondo, ugonjwa wa virusi wa kuku. Tone moja la chanjo jichoni, kila miezi mitatu, kuku wote wa mtaa siku moja. Sina la kuongeza.

"Damu mnazochukua mnakwenda kuziuza." Hili lilinikuta mwaka juzi, mzee mmoja kashika fimbo mlangoni pa zizi. Nikamuonyesha kichupa: mililita kumi, kama vijiko viwili vya chai. Nikamuuliza, mzee wangu, mnunuzi yuko wapi nimfuate? Akacheka, akafungua zizi. Lakini kabla sijamgusa mnyama wa kwanza akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: wale waliokuja mwaka uliotangulia walichukua damu ya ng'ombe wake 20, wakaahidi kuleta majibu. Yako wapi? Niliandika namba yake ya simu kwenye jalada la sampuli, juu kabisa, kabla ya namba ya ng'ombe. Majibu yalipotoka nilimpigia yeye kwanza, mkubwa wangu baadaye. Siku hizi mzee huyo ndiye ananipigia mimi, wakati mwingine saa kumi na moja alfajiri, kuniambia mbuzi wa jirani yake wametupa mimba.