Jua la saa 6 mchana haliipendezeshi sura

Ule ujumbe wa "piga picha saa 6 mchana, jua likiwaka, sura itoke safi" bado unazunguka kwenye magrupu ya Kigoma. Si kweli. Saa hizo jua liko utosini: macho yanazama gizani, kivuli cha pua kinaangukia mdomo kama sharubu, na mtu mwenyewe kakunja uso.

Jaribu pale Ujiji. Mpige mwenzako picha juani, kisha msogeze ukingoni mwa kivuli cha mwembe, atazame kwenye mwanga, simu ikiwa usawa wa macho yake. Linganisha. Au subirini saa 11 jioni, jua likishukia upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka. Kamera za mkanda zilitaka mwanga mwingi, na simu gizani hutoa chengachenga. Ila mwanga kuwa mwingi hakuupeleki machoni. Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.