Je, wajua kwa nini risiva ya sauti ina menyu ya picha?

Risiva ya hom thieta, si ile ya dishi, kazi yake kubwa ni sauti. Inapokea nyaya za king'amuzi, deki na kompyuta, inagawa sauti kwenye spika tano au saba pamoja na sabufa, halafu picha inaisukumia TV. Mbona basi ukibonyeza rimoti yake unakuta mwangaza, kontrasti (tofauti kati ya weusi na weupe), rangi na ukali wa picha, vitu ambavyo TV tayari inavyo?

Sababu ya kwanza ni ya zamani. Toleo la kwanza la HDMI, waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja, lilitoka Desemba 2002. Kabla ya hapo picha ilipita kwenye waya wa manjano, na sauti kwenye mwekundu na mweupe. Watu wakanunua TV mpya huku deki zao ni zilezile, ndipo watengenezaji wakaweka ndani ya risiva chipu ya kuichukua picha ya waya wa manjano, kuikuza kutoka mistari 576 ya PAL, mfumo wa TV wa zamani, na kuitoa kwa HDMI. Chipu ikishakuwepo, kuongezea vidhibiti vya mwangaza na rangi si kazi kubwa. Deki nyingi zimeshaishia stoo, menyu ikabaki.

Sababu ya pili ina maana hadi leo. Vifaa vyote vikipitia kwenye risiva, TV inaona mlango mmoja tu wa HDMI. Haijui kama picha hii ni ya king'amuzi au ya kompyuta, hivyo inavipa vyote mpangilio uleule. Risiva inajua, na baadhi zinahifadhi marekebisho ya kila kifaa peke yake. King'amuzi chako kikiwa na rangi zilizokolea kupita kiasi na vingine viko sawa, hapo ndipo pa kukipunguzia.

Nje ya hapo, ushauri wangu ni mmoja: iambie risiva ipitishe picha bila kuigusa. Yamaha nyingi zina chaguo la kuchakata picha au kuipitisha moja kwa moja, na Denon zenye menyu ya picha zina sehemu ya kuizima.

Kisa ni hesabu. Kwenye video ya kawaida ya biti 8, kila nukta ya picha hubeba namba: weusi kamili ni 16, weupe kamili ni 235. Chukua video ya harusi, maana karibu kila nyumba Iringa na Mbeya ina moja kwenye flashi. Mikunjo ya shela la bibi harusi ni tofauti ndogo kati ya namba kama 215, 222 na 230. Ukipandisha kontrasti kwenye risiva, namba hizo zote zinasukumwa juu hadi zinagonga dari na kuwa kitu kimoja. TV inapokea shela lisilo na mkunjo hata mmoja. Shusha kontrasti ya TV utakavyo, weupe utageuka kijivu lakini mikunjo hairudi, kwa kuwa haikutumwa.

Mwangaza nao unafanya vivyo hivyo upande wa chini. Wengi hudhani ndio unaoongeza taa ya TV, kumbe kwenye TV nyingi taa ya nyuma ya kioo ina kidhibiti chake. Mwangaza unapandisha au kushusha weusi. Ukiushusha mno, kola ya suti ya bwana harusi inapotelea kwenye suti yenyewe, na kwenye tukio la usiku sura za watu wetu zinazama gizani. Ndiyo maana harusi ni kipimo kizuri kuliko mechi: simamisha picha maharusi wakiwa pamoja, rekebisha mwangaza hadi uione kola, kisha kontrasti hadi uione mikunjo. Fanya hivyo kwa rimoti ya TV, saa ambazo huwa unatazama. Jua la mchana wa kiangazi kwenye mwinuko wa Mbeya, karibu mita 1,700, likiingia dirishani litakudanganya.

Kompyuta ina ugomvi wake. Yenyewe huhesabu kuanzia 0 hadi 255. Ikituma hesabu ya 16 hadi 235 na TV ikaisoma kama ya 0 hadi 255, weusi unakuwa kijivu na picha nzima inakaa kama Tukuyu saa moja asubuhi. Kinyume chake, giza linameza kila kitu. Hapo usihangaike na mwangaza. Tafuta mpangilio wa kiwango cha weusi kwenye kompyuta, risiva na TV, vyote visome hesabu moja.

Ukali wa picha ushushe bila huruma. Hauongezi kitu ambacho kamera haikukiona, unachora tu kijistari cheupe pembeni mwa vitu, na king'amuzi, risiva na TV vikichora vyote, mchezaji anazungukwa na uzi. Kipunguza chenga, kile kinachofuta punje zinazochezacheza kwenye picha, kikizidi, nyasi za Uwanja wa Sokoine zinakuwa rangi ya kijani tupu.

TV iliyotoka dukani Mwanjelwa mara nyingi bado iko kwenye hali ya duka, ya kushindana na mwanga wa mlangoni, rangi kali zenye ubuluu. Ihamishie kwenye hali ya sinema, ambayo hukaribia weupe wa kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) unaotumika studio. Siku mbili tatu utaiona ya njano, kisha jicho litazoea.

Linabaki suala la midomo. Kuchakata picha kunachukua muda, kwa hiyo sauti ya risiva inaweza kumtangulia msemaji. Risiva nyingi zina kidhibiti cha kuchelewesha sauti kwa milisekunde: weka taarifa ya habari, mtazame mtangazaji mdomoni, ongeza kidogo kidogo hadi vilingane. Sauti ikichelewa kuliko mdomo, hicho hakitasaidia, kinachelewesha tu. Hapo punguza uchelewesho uliokwisha kuwekwa.