Kupasuka kwa picha kwenye skrini: maana yake na chanzo chake

Unazungusha kamera ndani ya gemu, na nguzo iliyosimama wima inakatika katikati: kipande cha juu kimebaki palepale, cha chini kimesogea pembeni kwa upana wa kidole. Kufumba na kufumbua nguzo imeungana tena. Huko ndiko kupasuka kwa picha. Skrini si mbovu, na kadi ya grafiki, yaani kifaa cha kompyuta kinachochora picha, huwa nzima kabisa. Kilichotokea ni kwamba skrini imeonyesha vipande vya fremu mbili tofauti kwa wakati mmoja.

Fremu ni picha moja kamili iliyochorwa na kompyuta. Vitu karibu vyote vya gemu ya pande tatu hujengwa kwa pembetatu. Kadi ya grafiki huchukua ncha za kila pembetatu, hupiga hesabu zitaangukia wapi kwenye skrini, kisha hutafuta pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, zilizomo ndani yake. Kwa kila pikseli huangalia kina: ikiwa kitu kilicho karibu zaidi na kamera kimeshachorwa hapo, cha nyuma hutupwa. Kinachobaki hupewa rangi kulingana na mwanga na picha iliyobandikwa juu ya uso wa kitu hicho. Matokeo huandikwa kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo bafa ya fremu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kila moja kwa kawaida huchukua baiti 4, kwa hiyo fremu moja hula karibu megabaiti 8.3.

Bafa hiyo haifiki kwenye skrini kwa mpigo mmoja. Pikseli husafirishwa kwa foleni, mstari baada ya mstari, kuanzia kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kama mtu anavyosoma ukurasa. Skrini ya 60 Hz hupokea ukurasa mzima mara 60 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 16.67. Katikati ya safari mbili kuna pumziko fupi. Kwa mpangilio wa kawaida wa 1920 kwa 1080, mzunguko mmoja huhesabiwa mistari 1125: 1080 ya picha, na 45 isiyobeba picha yoyote. Mistari hiyo 45 ni kama milisekunde 0.67 tu, na ndiyo nafasi pekee ambayo picha inaweza kubadilishwa bila jicho kuona mkato.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Hz ni kasi ya skrini kuonyesha upya, na haibadiliki kwenye skrini za kawaida. Fremu kwa sekunde ni kasi ya kadi kuchora, nayo hupanda na kushuka kila mara, kwa sababu uwanja mtupu huchorwa haraka kuliko msitu wenye moshi. Ni saa mbili zisizosikilizana.

Ili skrini isionyeshe picha iliyochorwa nusu, kadi hutumia bafa mbili. Ya mbele inasomwa na skrini, ya nyuma inachorwa. Fremu ikikamilika, hubadilishana nafasi. Mara nyingi mabadilishano hayo ni kubadili anwani tu ya mahali pa kusoma, kwa hiyo hufanyika papo hapo. Sasa tuseme yamefanyika skrini ikiwa imemaliza mstari wa 500. Mistari 500 ya juu ni ya fremu ya zamani, 580 iliyobaki ni ya fremu mpya. Kama ile nguzo ilisogea pikseli 30 kati ya fremu hizo mbili, mkato utakuwa wa pikseli 30. Kitu kinachokwenda taratibu nacho hupasuka, ila mkato wa pikseli 1 hakuna anayeugundua.

Si kweli kwamba tatizo hutokea pale tu kadi inapoizidi skrini kasi. Fremu 45 kwa sekunde kwenye skrini ya 60 Hz hupasuka vilevile, maana kinachoamua ni wakati wa kubadilisha bafa. Ukiwa na fremu 200 kwa sekunde, mabadilishano huzidi matatu ndani ya mzunguko mmoja: mikato huwa mingi zaidi, lakini kila mmoja ni mdogo. Ukitaka ushahidi, usipige picha ya skrini kwa programu, kwani hiyo kwa kawaida huchukua bafa nzima na haitaonyesha mkato wowote. Irekodi skrini kwa kamera ya simu.

Dawa ya zamani ni V-Sync, inayozuia bafa zisibadilishwe hadi lile pumziko la mistari 45 lifike. Mkato unaisha kabisa, lakini gharama yake si ndogo. Fremu ikichukua milisekunde 17 badala ya 16.67, imekosa basi kwa sehemu ya tatu ya milisekunde, na lazima isubiri hadi milisekunde 33.3. Bafa zote mbili zimeshikwa, kadi haina pa kuchora, na fremu 60 kwa sekunde zinashuka ghafla hadi 30. Kuongeza bafa ya tatu huipa kadi mahali pa kuendelea na kazi, lakini baadhi ya fremu hukaa kwenye skrini milisekunde 16.67 na nyingine 33.3, na mwendo unaonekana kukwamakwama. Juu ya hayo, fremu iliyokamilika husubiri zamu yake, na ndiyo maana kipanya huhisi kizito ukiwasha V-Sync. Kwa gemu za kulenga shabaha, ningeizima.

Suluhisho zuri zaidi ni kuigeuza kanuni: skrini ndiyo iisubiri kadi. NVIDIA, kampuni ya kadi za grafiki, ilitangaza G-SYNC mwaka 2013, na VESA, shirika la viwango vya skrini, ikaingiza Adaptive-Sync kwenye DisplayPort, kiwango cha kuunganisha kompyuta na skrini, mwaka 2014. Skrini ya aina hii hurefusha pumziko lake mpaka fremu inayofuata iwe tayari. Ina mipaka lakini, kwa mfano kuanzia 48 hadi 144 Hz. Ukipita juu ya 144, mikato au ucheleweshaji wa V-Sync hurudi, kwa hiyo weka kikomo cha fremu chini kidogo, kama 140. Hakikisha pia kwamba mipangilio ya kompyuta haijaiacha skrini ya 144 Hz kwenye 60, kosa linalotokea mara nyingi mno, na kwamba kebo inamudu: HDMI 1.4 haipitishi 3840 kwa 2160 zaidi ya 30 Hz. Fremu zikishuka chini ya 48, skrini ambayo kikomo chake cha juu ni zaidi ya mara mbili ya kile cha chini inaweza kuonyesha kila fremu mara mbili: fremu 40 kwa sekunde huonyeshwa kwa 80 Hz, na skrini inabaki ndani ya mipaka yake.