Homa ya ini B: ini linaumizwa na nani?

Nimepimwa, nina homa ya ini B. Kirusi kinakula ini langu?

Kirusi huingia kwenye seli za ini na kuzaliana humo, lakini kwa kawaida chenyewe hakiziui. Wanaoziua ni askari wako mwenyewe: chembe nyeupe za damu hutambua seli zenye kirusi na kuziangamiza ili kukomesha maambukizi. Watu wazima wengi wakiambukizwa, kazi hiyo huisha ndani ya miezi 6 nao hupona.

Mbona kwangu haijaisha?

Huenda uliambukizwa utotoni. Kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takribani 9 hubaki na kirusi. Kinga ya mtoto hukivumilia: damu imejaa virusi, vipimo vya ini viko sawa, wala haumwi popote. Baadaye, mara nyingi ukubwani, kinga huamka na kushambulia, ila haimalizi, kwa kuwa kirusi kimeficha vinasaba vyake ndani kabisa ya kiini cha seli. Seli zinakufa, ini linajijenga, zinakufa tena. Kila mzunguko huacha kovu. Makovu yakitapakaa ini hukakamaa, na hatari ya saratani hupanda. Ndiyo maana chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 tangu azaliwe ina thamani kubwa mno, na inasikitisha kuona wengi wakiikosa.

Ninywe dawa za kuongeza kinga?

Nakusihi, hapana. Hakuna mtishamba uliothibitishwa kuponya homa ya ini B, na baadhi ya mitishamba hudhuru ini. Kinachosaidia ni kukizuia kirusi kuzaliana, kwa dawa kama tenofovir. Kirusi kikipungua, mashambulizi hupoa, hata makovu huweza kupungua. Si kila mgonjwa anaanzishiwa dawa. Daktari huangalia wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini na kiasi cha makovu. Ukianza, usiache bila kumwuliza: kirusi kinaweza kurudi kwa nguvu, kinga nayo ikakivamia kwa kishindo.

Basi dawa za kushusha kinga zitanilinda?

Hapana. Mgonjwa wa saratani au baridi yabisi anayepewa dawa hizo huku ana kirusi yumo hatarini: kirusi huzaliana bila kizuizi, kisha kinga inaporejea hukuta seli nyingi mno za kushambulia, na ini linaweza kushindwa kazi kabisa. Omba upimwe homa ya ini B kabla ya kuanza matibabu hayo. Ukikutwa nayo, unaweza kupewa dawa ya kukizuia kirusi mapema.