Rakuni ghalani: kabla hujatega, tafuta watoto

Kuanzia mwezi wa nne simu yangu haipumziki. Mwenye shamba amesikia vishindo darini, amekuta gunia la chakula cha kuku limepasuliwa, na mtego ameshanunua. Anachotaka ni kuambiwa auweke wapi. Mimi humuuliza kwanza: umepanda juu ukaangalia kama kuna watoto?

Nina leseni ya jimbo la Ohio, Marekani, ya kushughulikia wanyamapori wasumbufu. Siku hizi wanaonipigia wamo pia wenzetu waliotoka Kongo, Kenya na Tanzania, wanaofuga kuku na mbuzi nje kidogo ya miji. Kwa aliyekulia kwetu, rakuni, mnyamapori wa Amerika Kaskazini, ni mgeni kabisa. Mkia wake una pete kama wa kanu, ila yeye ni mnene, mara nyingi kilo 4 hadi 10, na usoni ana utepe mweusi uliopita machoni. Balaa lake ni mikono. Vidole vitano vya mbele vinapapasa, vinavuta, vinafungua. Komeo la kawaida halimshindi, na wavu mwembamba wa kuku anaurarua.

Rakuni jike huzaa hasa mwezi wa nne na wa tano, watoto 3 hadi 5 kwa kawaida, na ghala lenye dari kavu ni mahali anapopapenda. Ukimnasa mama na kumwondoa, watoto wanabaki juu wakilia hadi wafe kwa njaa. Ni ukatili, na baada ya siku chache uvundo na nzi watakuonyesha walipokuwa. Kwa hiyo tega sikio mchana, ghala likiwa kimya, usikilize milio myembamba inayotetemeka. Ukimwona jike mchana akiwa na chuchu zilizovimba, basi ananyonyesha.

Hapo mtego uache. Mfanye mama aone pale hapakaliki. Washa taa darini usiku na mchana, weka redio yenye watu wanaozungumza, pita pita na ufagio. Mara nyingi jike ana pango jingine analolijua, naye atawahamisha watoto mmoja mmoja, akiwang'ata ukosi. Mwachie njia. Kisha ziba tundu kwa karatasi za gazeti zilizokunjwakunjwa, bila kuzikaza. Zikikaa usiku kadhaa bila kuguswa, na hali ya hewa haikuwa ya mvua kubwa ya kumzuia kutoka, hakuna mtu ndani. Sasa funga kwa wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya milimita 13, ukiukaza kwa skrubu na washa. Usidharau tundu la sentimita 10, kwani rakuni mzima anaweza kujipenyeza humo.

Kama hakuna watoto na mnyama anaendelea kurudi, ndipo tunatega. Mimi hutumia kizimba cha waya chenye urefu wa sentimita 80 hivi, upana 25 na kimo 30. Kiweke ukutani, kwenye njia anayopita. Ukinyunyiza unga sakafuni jioni, asubuhi utaona njia hiyo kwa nyayo zake, vidole vitano virefu vilivyotawanyika. Kizimba kifungwe kwenye ubao au kigingi, maana akinaswa atakipindua. Chambo kiwe nyuma ya kibao cha kukanyaga, mwisho kabisa, na upande huo uzungushiwe wavu mdogo ili asiingize mkono kutoka nje akaiba bila kuingia. Samaki na chakula cha paka siviweki, kwa sababu utanasa paka wa jirani. Vitu vitamu vinafaa zaidi, kama marshimalo (peremende laini) au mkate uliopakwa siagi ya karanga. Usiku wa kwanza na wa pili funga mlango uwe wazi kwa waya, ale azoee. Ukishautega, uangalie kila asubuhi mapema. Mnyama asiachwe juani bila maji.

Amenaswa. Umpeleke wapi? Hapa ndipo watu wema hukosea, maana wengi wanataka kumpakia kwenye gari na kumwachilia msitu wa mbali. Tafadhali usifanye hivyo. Aina ya kichaa cha mbwa inayobebwa na rakuni ilikuwa kusini-mashariki mwa Marekani, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 ilipozuka mpakani mwa Virginia na West Virginia. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ilisafiri na rakuni waliobebwa kutoka kusini ili wawindwe. Kutoka hapo ikapanda mashariki yote hadi Maine. Huku Ohio, tangu 1997 chambo chenye chanjo humwagwa upande wa mashariki, kwa ndege na kwa mikono, ili kuuzuia ugonjwa usisonge magharibi. Safari moja ya gari inaweza kuvuka kizuizi hicho.

Sheria ya Ohio inataka rakuni msumbufu ama aachiliwe palepale aliponaswa, ama auawe bila mateso. Majimbo mengine yana sheria zao, kwa hiyo uliza idara ya wanyamapori kabla ya kutega. Mimi napendelea kumwachilia hapohapo, baada ya matundu kuzibwa na chakula kuingia kwenye mapipa ya bati yenye vifuniko vya kubana. Lakini anayeyumbayumba mchana au asiyekuogopa huenda ni mgonjwa. Usimguse, piga simu.

Limebaki jambo ambalo wengi hawalitazami, nalo ni choo chake. Rakuni hurudia sehemu moja, juu ya boriti au kwenye marobota ya nyasi, na kinyesi kinaweza kuwa na mayai ya mnyoo Baylisascaris procyonis. Yakiwa mabichi hayaambukizi. Baada ya wiki 2 hadi 4 yanaambukiza, na hudumu miaka. Maradhi yenyewe ni nadra kwa binadamu, ila mnyoo ukifika ubongoni au machoni madhara ni makubwa, na watoto wadogo wanaotia mikono mdomoni ndio walio hatarini zaidi. Jiki haiui mayai hayo, maji yanayochemka ndiyo yanayoyaua. Vaa glavu, barakoa na gambuti, lowesha kinyesi kidogo vumbi lisipae, zoa, kisha mwagia maji yanayochemka. Robota lililochafuliwa usimpe mbuzi. Lichome, au lifunge kwenye mfuko lipelekwe dampo.