Yatima mmemuona, mjane je?

Wiki iliyopita nimepokea imeili ya kikundi cha kanisa kutoka nje, watu 14, wanakuja Julai kwa wiki mbili, wanataka kuhudumia yatima huku kwetu Moshi. Hawakuanza na malaria wala viza, walianza kuuliza kituo kina watoto wangapi chini ya miaka mitano na kama wanaruhusiwa kuwabeba. Nikaisoma mara mbili alafu nikafunga simu nikaenda kunywa chai kwanza.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, kabla ya hapo nilikua mlezi kwenye makao ya watoto, kwaiyo hawa wageni nimewapokea, nimewapikia, nimewasindikiza uwanja wa ndege wa KIA na nimewafutia watoto machozi wakishaondoka. Sio kwamba nawachukia, wengi wana moyo kweli, na wengine mpaka leo ni rafiki zangu. Ila kuna mambo hatuwaambii kwasababu ya heshima na, tuseme ukweli, kwasababu ya bahasha. Leo nawaandikia nyie mnaowapokea parokiani na usharikani, na nyie ndugu zetu mlioko Marekani na Ulaya ambao ndio mnawaunganisha.

Mstari ambao kila timu inakuja nao umeandikwa kwenye fulana zao, Yakobo 1:27. Kwenye Biblia yetu unasema "kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao". Sasa hilo neno kuwatazama limetuponza, maana kwa Kiswahili cha leo kutazama ni kuangalia tu, na ndicho wengi wanachofanya, wanatazama, wanapiga picha, wanaondoka. Lakini angalia na neno linalofuata pale, na wajane. Yakobo hakuwatenganisha. Mtoto na mama yake wako kwenye sentensi moja, sisi ndio tumemchukua mtoto tukamuweka kwenye jengo lenye geti la bluu, mama tukamuacha kijijini na dhiki yake.

Maana yatima tunayemsema ni nani hasa? UNICEF wakihesabu yatima wanamhesabu aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo mwaka 2015 dunia ilikua na yatima kama milioni 140, lakini waliofiwa na wote wawili walikua milioni 15 na kidogo. Waliobaki wote wana mama au baba anaepumua. Na Save the Children waliandika mwaka 2009 kwamba kwenye vituo duniani, watoto wanne kati ya watano wana mzazi angalau mmoja hai. Mtu wa nje akisikia namba kubwa ya yatima anaona watoto waliosimama peke yao barabarani, kumbe wengi wako na bibi, na shangazi, na mama anaeuza ndizi soko la Mbuyuni.

Ukiuliza mtoto kaingiaje kituoni kama mama yupo, jibu mara nyingi ni shule na chakula. Elimu bila ada ipo tangu 2016, sawa, ila sare, madaftari, viatu, michango na nauli havijaisha. Mama kafiwa, shamba shemeji kachukua (hii mnaijua), ana watoto wanne. Anakuja mtu anamwambia kuna kituo kina wafadhili wazungu, mtoto atasoma inglishi midiamu. Wewe ungekataa? Mimi sijui kama ningekataa.

Alafu ndio hapo mashine inaanza kuzunguka. Sponsa analipa kwa kichwa, mtoto akirudi kwao sponsa anaondoka. Vitanda vikiwa wazi timu inayokuja Julai haina wa kumbeba. Kwaiyo hata meneja mwenye nia njema kabisa anajikuta anahitaji watoto wabaki, na wasioelewa wanadhani watoto ndio wanahitaji kituo. Nilishawahi kukaa kikao cha bajeti sehemu moja, sitaitaja, mtu akasema wazi kabisa "wadogo wanaisha, tutafute wadogo". Hakuna aliyeshtuka. Na mimi nilinyamaza, nilikua mgeni kazini, bado najilaumu.

Sasa nije kwenye hilo la kubeba, maana ndio lililonifanya niandike.

Nilipokua mlezi kulikua na binti wa miaka minne, alikua akiona mgeni yeyote anaingia getini anakimbia, anarukia shingo, anaita mama. Wageni walikua wanalia kwa furaha, wanasema angalia upendo huu, watoto wa Afrika wana upendo jamani. Chini ya kitanda chake alikua na kopo la Blue Band, siku moja nafagia nikalifungua, ndani kuna vibanio vya nywele, vile vya mpira vya rangi rangi. Nikavihesabu, 11. Kila dada volontia aliyeondoka alikua anavua kibanio anampa, anamwambia nikumbuke. Na yeye alikua havivai, anavitunza tu. Nikamuuliza hiki cha nani, akasema cha mama. Na hiki? Cha mama. Vyote 11 ni vya mama, na jina hata moja halikumbuki.

Huo sio upendo, wenzangu. Mtoto mwenye mtu wake akiona mgeni anajificha nyuma ya kanga ya mama yake, anachungulia, ndio baadae anazoea. Ambaye hana mtu wa kudumu anajifunza kwamba yeyote atafaa. Kitaalamu ni dalili, ni kidonda, na haya walishayaona Romania kabla yetu. Kule mtawala wao Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ili nchi iongezeke watu, familia zikashindwa kulea, serikali ikajenga majumba ya kulelea watoto, na utawala wake ulipoanguka Desemba 1989 dunia ikakuta watoto zaidi ya laki moja kwenye hayo majumba. Makanisa ya Ulaya na Marekani yakamiminika na malori ya nguo na volontia, na wale watoto walikua wanawakimbilia wageni na kuwashika mikono hivyo hivyo.

Mwaka 2000 watafiti wakaanza kazi Bucharest, mji mkuu wa Romania, wakiwa na watoto wadogo 136 kutoka vituo sita, kwa bahati nasibu nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi, nusu wakaendelea na huduma ya kawaida ya pale. Waliopata familia walipata nafuu ya akili, ya lugha na ya kushikamana na mtu, na waliofaidika zaidi ni walioingia kwenye familia kabla ya kutimiza miaka miwili. Yaani jengo lingepakwa rangi mara ngapi, lisingefanya kilichofanywa na mama mmoja aliyebaki pale pale. Sheria yao ya 2004 ikazuia kabisa kuweka mtoto wa chini ya miaka miwili kituoni isipokua mwenye ulemavu mkubwa. Majirani zetu Kenya nao walisimamisha kusajili vituo vipya mwaka 2017, na 2022 wakatoa mkakati wa miaka 10 wa kurudisha watoto kwenye familia. Sisi sheria yetu ya mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya kukaa na wazazi wake, sasa sijui tunasubiri nini.

Kuna na la usalama, nalisema haraka lakini msilipite haraka. Kijana mmoja wa Oklahoma, volontia aliyekuja kama mmisionari kabisa, alihukumiwa miaka 40 Marekani mwaka 2016 kwa aliyowafanyia watoto kwenye kituo Kenya. Kama mgeni wako hajaleta karatasi ya polisi ya kwao asilale kwenye kituo, hata awe na barua ya askofu.

Haya, vijana sasa. Hawa ndio wananiuma zaidi, maana hakuna anaewaulizia. Mtoto akifika miaka 13 sauti ikabadilika, chunusi zikatoka, hapigwi picha tena. Timu ikija anatumwa kubeba viti. Akifika 18 sio mtoto tena kisheria, anapewa begi, godoro na maombi, mara nyingi kwenye ibada nzuri tu yenye keki.

Kijana mmoja niliyemlea alitoka hivyo. Kiingereza anaongea kuliko mimi, anaimba, anajua kumshukuru mfadhili kwa mistari ya Biblia. Siku ya kwanza kwenye geto lake pale Majengo nikaenda kumuona jioni, nikakuta amepika wali kilo mbili. Peke yake. Nikacheka mpaka nikakaa chini, yeye hajui nacheka nini, maana maisha yake yote wali ameuona kwenye sufuria la watu arobaini na hajawahi kuingia jikoni kwasababu jikoni kuna wapishi. Sokoni alikua anampa muuzaji noti ya elfu kumi anasubiri arudishiwe chochote. Mwenye nyumba alitaka mdhamini, akaniandika mimi. Laini ya simu akashindwa kusajili kwasababu hana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, NIDA wanataka cheti cha kuzaliwa, na cheti hakuna mtu aliyewahi kukifuatilia RITA, wanaosajili vizazi na vifo, miaka yote 14 aliyokaa kituoni, wakati kila mwaka kulikua na hela ya kuchora wanyama ukutani. Alipotaka kuomba mkopo wa chuo kama yatima, Bodi ya Mikopo wanataka vyeti vya vifo vya wazazi. Vyeti vya vifo unavipataje kama hujui hata baba yako alizikwa wapi?

Tulizunguka na yule kijana miezi saba. Kwao tulikuja kupapata, kijiji kipo Same, babu yake mdogo yuko hai na alikua anajua mtoto yuko "kwa wazungu" ila aliambiwa asije kumsumbua. Mzee alimshika kichwa, akamtajia majina ya ukoo mmoja mmoja kurudi nyuma, kijana anaandika kwenye simu yake. Sijawahi kuona volontia amempa mtu kitu kama kile.

Msinielewe vibaya, wapo wa nje waliofanya vizuri na nawakumbuka sana. Kuna mama mmoja nesi mstaafu, alikua anakuja kila mwaka wiki tatu zile zile, watoto wadogo hakuwa anawagusa zaidi ya kuwasalimia. Alikua anakaa na sisi walezi, anatufundisha jinsi ya kulala usiku na mtoto mwenye kifafa, jinsi ya kuandika kumbukumbu za dawa. Akiondoka, kile alichofundisha kinabaki mikononi mwetu. Na kuna mhasibu alikuja wiki mbili akajifungia ofisini na mafaili ya watoto, sisi tukamuona mtu wa ajabu, hata picha hapigi, kumbe alikua anapanga, na faili zaidi ya nusu zilikua na jina la ndugu na la kijiji limeandikwa siku ya kwanza, hakuna aliyewahi kwenda. Hela ya tiketi ya mtu mmoja kutoka kwao ingetosha nauli za afisa ustawi kufika vijiji vyote vile na kurudi, na chenji ya kumuanzishia mama genge.

Na sisi wenyewe tusijitoe. Kwaya zetu na umoja wa akina mama tunaenda Pasaka na sabuni na mchele, tunasimamisha watoto mstari, tunapiga picha na katoni, tunaposti kwenye grupu. Mjane wa mtaa wa pili ambaye anafikiria kumpeleka mtoto kituoni mwezi ujao hatujamfikia.

Basi ile imeili nimeijibu. Nimewaambia karibuni, ila wadogo hamtawabeba. Watano njooni na nauli zenu tukatembelee familia ambazo watoto wameshaunganishwa nazo, mtakaa kwenye mikeka na mtakula mtakachopewa. Wengine wanne kila mmoja achukue kijana mmoja anaetoka mwaka huu, ila kwa sharti la kumpigia simu kila Jumapili kwa miaka mitatu, asiyeweza miaka mitatu asianze hata wiki moja. Waliobaki kuna choo cha bibi mmoja anaelea wajukuu watano, maji hayapandi, waje wakirekebishe.

Siku nane zimepita kimya. Isipokua mmoja wao, mzee fundi bomba, ameniandikia jana mstari mmoja tu, anauliza mabomba ya kwa bibi ni ya inchi ngapi. Nimeenda leo asubuhi kupima, ni nusu inchi, nimemtumia na picha ya koki.