Kabla hujatangaza oksijeni kwenye nyota

Maombi ya kuhakiki "ugunduzi" yanayofika kwenye dawati letu la data yameongezeka, na mengi yana bonde lilelile, yaani sehemu yenye upungufu wa mwanga, kwenye nanomita 760 za wigo wa nyota (mwanga wake uliotandazwa kwa urefu wa mawimbi). Ni oksijeni kweli, ila ni hii unayoivuta puani. Mwanafizikia Mjerumani Joseph Fraunhofer aliupa mstari huo, yaani bonde hilo, herufi A alipochora wigo wa Jua mwanzoni mwa karne ya 19, na ule wa 687 akauita B. Baadaye ilibainika kuwa yote miwili ni ya angahewa ya Dunia. Fraunhofer hatumlaumu. Mwombaji wa leo ana majedwali ya mistari ya hewa.

Kujitetea kwamba darubini iko mlimani hakusaidii sana. Paranal, kituo cha darubini kule Chile katika jangwa la Atacama, ina mita 2,635 juu ya usawa wa bahari, na bado karibu robo tatu ya hewa imebaki juu yake. Jangwa hilo ni kavu kupindukia, lakini mvuke wa maji haukosekani, tena hubadilika ndani ya usiku mmoja.

Sasa utaratibu. Anga lenyewe hung'aa usiku, kwa mfano rangi ya kijani ya oksijeni kwenye nanomita 557.7. Mwanga huo umeongezwa juu ya ule wa nyota, kwa hiyo unautoa. Ufyonzaji ni hesabu nyingine: hewa imekula sehemu ya mwanga wa nyota, kwa hiyo unagawanya. Wanaotoa mahali pa kugawanya ndio tunaowarudishia faili kwanza, na tafadhali msituandikie kwamba grafu "inaonekana sawa".

Cha kugawanyia hupatikana kwa kupima nyota ya rejea, aghalabu ya aina A0 (nyota nyeupe yenye joto kali), muda uleule na kupitia unene wa hewa unaokaribiana. Nyota ikiwa utosini unene huo ni 1. Ikiwa nyuzi 30 tu juu ya upeo, ni karibu 2. Angalizo: A0 ina mistari mipana ya hidrojeni yake yenyewe. Usipoiondoa kwanza, mgawanyo utakuzalishia hidrojeni inayong'aa, na kesho utatuletea ugunduzi mwingine.

Programu kama Molecfit ya ESO, shirika la Ulaya la darubini, haihitaji nyota hiyo. Hukokotoa ufyonzaji kutokana na hali ya hewa ya usiku huo na tabia za molekuli, kisha huulinganisha na wigo wako. Huokoa muda wa darubini. Hatusemi inafaa kila mara: nyota baridi yenye mistari iliyosongamana huweza kuipotosha.

Fanya haya kabla ya kusahihisha wigo kwa ajili ya mwendo wa Dunia. Mistari ya hewa hubaki palepale. Ya nyota husogea mwaka mzima, hadi kilomita 30 hivi kwa sekunde kila upande, kutegemea nyota iko wapi. Mwenye shaka kama mstari ni wa hewa au wa nyota apime tena baada ya miezi michache.

Pale ambapo mvuke umemeza karibu mwanga wote, kama kwenye mikromita 1.4, usigawanye. Ukigawanya kwa kinachokaribia sifuri unavuna kelele. Weka alama kwamba sehemu hiyo haitumiki. Ukiiziba kwa mstari wa kubuni, faili nzima inakataliwa.

Ambatisha wigo ghafi, wigo uliosahihishwa, kigawanyo chenyewe, saa ya kupima na unene wa hewa wa nyota zote mbili. Kikikosekana kimoja, ombi halisomwi.